Majina Mawili Yasiyo na Taa

…wabunge wote wameshapiga kura, anauliza Spika, na siku nyingine swali hilo hulitupa mbio mbio kama padri anayetaka kumaliza misa aende akanywe kahawa, lakini leo analivuta, analiacha lining'inie, na macho yake yanakuja moja kwa moja kwenye kiti cha Odile, naye Odile anajifanya haoni, anautazama ubao mkubwa ukutani ambako majina yao yote yamepangwa safu kwa safu, kila jina na taa yake pembeni, ya kijani kwa anayesema ndiyo, nyekundu kwa anayesema hapana, na majina yanawaka hadi chini isipokuwa mawili, Sprague na Theriault, yamekaa pamoja kwa sababu ya herufi tu, lakini yanaonekana kama nyumba mbili za jirani zilizokatiwa umeme, na juu ya ubao jumla zimesimama, kijani sawasawa na nyekundu, zimelingana, na kura zikilingana muswada umekufa, hata mtoto wa shule anayeletwa kutembezwa humu analijua hilo… na ni muswada wake, Odile, ameubeba misimu mitatu ya Bunge kama mimba isiyotaka kutoka, kwamba mwenye kiwanda asifunge geti bila kuwaambia watu mapema, basi, hilo tu, awaambie, wala hakuna aliyeomba mbingu… na juu kwenye roshani ya wageni amekaa Claudette, mke wa kaka yake, mjane wa kaka yake, amevaa koti lake la kanisani mwezi huu wa Juni wenye joto, maana ndilo zuri alilonalo, anaegemea mbele na kukaza macho kwenye ubao, Odile hahitaji kugeuka kujua Claudette anatafuta nini, anatafuta jina la wifi yake, ameshalipata, na halina taa.

Atadhani nimesahau, anawaza Odile, atadhani nimesinzia, au mashine imeharibika, nani atamweleza Claudette mambo ya kufungana kura, ni desturi ya humu ndani tu, nje ya kuta hizi haina kichwa wala miguu, kwamba mwenzako wa upande wa pili akiwa mgonjwa, wewe unayesema ndiyo unasimama na kusema, ninafunga kura yangu na ya fulani, na kura yako inakaa chini pamoja na yake, hakuna anayepata, hakuna anayepoteza, mgonjwa anaendelea kuugua kwa amani… na hakuna karatasi inayotiwa saini, hakuna hakimu, ni neno tu, lakini katika nyumba hii neno ndilo kila kitu, mtu akilivunja mara moja hakuna atakayekaa naye tena kwenye mkahawa kule chini, supu yake atainywa akiangalia ukuta… leo alisimama Odile kabla ya kengele, akashika kipaza sauti, akasema kwa sauti yake ile ya kuita watoto foleni ya chakula, Mheshimiwa Spika, naomba kufunga kura yangu na ya mbunge wa Dunmore, Mheshimiwa Sprague, angekuwapo angesema hapana, mimi ningesema ndiyo, na nyuma yake akasikia mtu wa chama chake mwenyewe akivuta pumzi kama aliyechomwa sindano, ndipo alipojua, ndipo, kwa kuchelewa, kama mpishi anayekumbuka chumvi sufuria imeshatua mezani, kwamba hakuhesabu.

Hakuhesabu. Miaka kumi na sita katika Bunge la jimbo, na somo la kwanza kabisa alilofundishwa ni hesabu vichwa kwanza, kabla hujasimama, kabla hujaahidi, hesabu, na aliyemfundisha ni nani kama si Wendell Sprague mwenyewe, mkulima wa viazi kutoka kaskazini kabisa, mtu wa upande wa pili, aliyekaa ng'ambo ya njia hii nyembamba kiasi kwamba wakinyoosha mikono wanaweza kupeana chumvi, na kiti chake kile pale, na mto wake wa mgongo uliobonyea, na bakuli lake la peremende, alikuwa anaviringisha moja juu ya zulia hadi kwenye kiatu cha Odile kila alipomwona anapandwa na hasira, wala hamwangalii, anaangalia mbele kama mtakatifu, peremende inakuja tu… na juzi Odile alimpigia hospitalini kutoka kwenye simu ya ukutani pale ukumbini, amejibana kwenye kona, kidole sikioni, na ilichukua muda kabla hajaitambua ile sauti kuwa ni ya Wendell, ilikuwa nyembamba, yenye maji ndani.

"Bibie wa jikoni," akasema Wendell. "Ule muswada wako mbaya unakuja lini?"

"Keshokutwa, mzee wa viazi. Na utapita."

"Basi itabidi niukose. Sijawahi kukosa kura, unajua. Hata mwaka ule wa theluji." Kisha akakohoa, akakohoa sana, na Odile akasikia mtu akimwekea kitu mdomoni. "Ningependa jina langu lisomwe. Mara hii moja tu."

Naye akasema nitafunga na wewe, akasema haraka, kabla hajafikiri, maana angefanya nini, mtu anakohoa namna ile, anaomba jina lake lisomwe kama mtoto anavyoomba asizimiwe taa, na Wendell akauliza, umehesabu, Odile, usinipe kitu ambacho mji wako unakihitaji, umehesabu vizuri… naye akasema nimehesabu, tunazo za kutosha na za kubakiza, lala usingizi… na haikuwa kweli, hakuwa amehesabu hata moja, alikuwa ametoka kikaoni na njaa, alikuwa na sarafu ya mwisho kwenye simu, alitaka tu yule mtu alale, basi, ni uongo kama ule wa kumwambia mgonjwa umenawiri, nani duniani hajausema uongo huo.

Spika anaongea na karani, anajifanya kuna kitu cha kuuliza, ni mtu wa chama chake huyu, anampa muda, muda wa nini sasa, neno limeshatoka… mmoja nyuma anasema twende tukale, mwingine anamnyamazisha… na hapo anasikia harufu ya manukato ya Darrell Nickerson kabla ya kumwona, kiongozi wa chama chake, wakili wa huko pwani mwenye viatu visivyowahi kukanyaga tope, anachuchumaa pembeni ya kiti chake, hajawahi kuchuchumaa kwa mtu yeyote, na Odile anajiandaa kutukanwa, ana haki ya kunitukana, acha anitukane.

"Odile," anasema, taratibu. "Hospitali wamepiga simu. Wendell amefariki."

Anasikia neno, analiona limekaa pale, haliingii.

"Saa ngapi?"

"Mchana, kabla hatujarudi kutoka kula. Pole sana. Najua mlivyokuwa."

Mchana… kabla hatujarudi… basi aliposimama na kipaza sauti, aliposema angekuwapo angesema hapana, Wendell alikuwa ameshafunikwa shuka, alikuwa anamwombea ruhusa maiti, alisema angekuwapo kama unavyosema juu ya mtu aliyechelewa basi, aliyekwama kwa mafua, na Wendell alikuwa hayuko, hayuko kabisa, hayuko hata huko kitandani… na Darrell hajaondoka, mkono wake uko kwenye ukingo wa meza, karibu na vile vitufe viwili vya kupigia kura, anateremsha sauti zaidi.

"Nisikilize mama. Kura hufungwa na mtu aliye hai. Marehemu hana kura. Simama, mwambie Spika unaondoa mapatano, ubonyeze cha kijani. Sheria iko upande wako, nimemuuliza karani. Muswada unapita kwa kura moja."

Kwa kura moja… ndiyo, hesabu hiyo hata yeye anaiweza sasa, angekuwapo Wendell kwenye mto wake angebonyeza chekundu, yeye kijani, zingelingana vilevile, muswada ungekufa kwa haki yake mchana kweupe, na wangekwenda kunywa kahawa chungu ya kule chini huku anamtukana na Wendell anacheka, kwa hiyo kama utapita leo utapita kwa sababu moja, kwamba Wendell amekufa, utapita juu ya kifua chake… na Darrell anajua, na huo ndio msiba wa kuongea na mawakili, wanakuambia unaruhusiwa wakati hukuuliza kama unaruhusiwa.

Na ile hapana yake ilikuwa ya kweli, hilo ndilo linalomzuia Odile, ingekuwa hapana ya chama, ya kuambiwa, angeivunja bila kupepesa jicho, lakini Wendell hakuwahi kusema hapana asiyoimaanisha, tangu ile siku ya kwanza… alikuwa mgeni, ametoka kupika kwenye jiko la shule ya Sawtelle, alichaguliwa kwa sababu alisimama kwenye mkutano wa mji mwezi Machi na aproni yake ikiwa na madoa ya supu akawauliza wanaume wa halmashauri ni yupi kati yao aliyewahi kusoma hesabu na tumbo tupu, wakacheka, wakampigia kura, na muswada wake wa kwanza ulikuwa mdogo, mambo ya leseni za vibanda vya samaki wa mtoni, na kengele ilipolia ubao mzima ukawaka wekundu, wote, hata aliokula nao asubuhi, hata rafiki zake, ukuta mzima kama nyama buchani, akatafuta mlango, na kutoka ng'ambo ya njia mzee mwenye mikono mikubwa akainama akasema tulia bibie, ni mchezo wao, kila mgeni hufanyiwa, ngoja uone, na kweli, wakaanza kubadilisha mmoja mmoja huku wanapiga meza na kucheka, nyekundu zikazimika, kijani kikashuka kama mvua, akawa analia na kucheka pamoja, ukuta wote kijani, isipokuwa taa moja. Akamgeukia Wendell, akamwambia na yako, mzee. Naye akasema, mimi nimemaanisha, ule muswada ni mbaya.

Ndivyo walivyoanza kuwa marafiki. Kila vuli gunia la viazi kwenye buti la gari la Odile, kila Januari yeye anamletea pai ya nguruwe ya mama yake, na muswada huu wa viwanda Wendell aliusoma wote, ukurasa kwa ukurasa, na miwani yake ya duka la dawa, akamwambia Odile huu utaua kiwanda kidogo cha kumenya viazi kule kwetu, wenyewe hawajui wiki ijayo watakuwa wazi au la, watamwambia nani mapema, naye akamwambia ukiogopa kusema ukweli basi usiajiri watu, wakagombana, hawakusemeshana mpaka Ijumaa, peremende ikaja… na hapana ile ilikuwa na watu ndani yake, watu wa Dunmore wenye udongo kwenye kucha, si chini ya watu wangu, si chini hata kidogo, Mungu wangu, anasema Odile kwa Kifaransa cha mama yake, na midomo inacheza, na Darrell anadhani anamjibu.

"Unasemaje?"

Anamwona Réal, kaka yake, asubuhi ile, Claudette ndiye aliyemsimulia, Réal mwenyewe hakuwahi kuisema, ameshika bati lake la chakula, amefika kwenye geti la kiwanda cha karatasi kwa zamu ya asubuhi kama alivyofika tangu ana nywele, na geti lina mnyororo, mnyororo mpya, unang'aa bado una mafuta ya dukani, na wanaume wamesimama tu, wengine wanaushika kuona kama ni wa kweli, hakuna mtu wa kampuni, hakuna hata mlinzi wa kumtukana, na Réal akarudi kwenye gari akala mkate wake palepale saa ya kula ilipofika… na kesho yake akaenda tena, na keshokutwa, Claudette akaacha kumuuliza, anamfungia chakula, anakwenda, anaegesha mbele ya geti, anakula, anarudi saa ya kutoka zamu, majira yote ya baridi, mpaka ile siku hakurudi, wakamkuta na theluji juu ya kioo na bati limefunguliwa mapajani, moyo, daktari alisema, moyo, na Odile alitaka kumshika yule daktari mabega amwambie ndiyo, moyo, umesema kweli kuliko unavyojua… wangemwambia tu, wangempa miezi miwili ya kuzoea, angelia jikoni, angelewa, angegombana na Claudette, angekwenda kuuza mbao kwa binamu yao, angekuwa hai, amenenepa, anamsumbua kwa simu kuhusu barabara mbovu.

Wafu wawili, kila mmoja na kura yake, na yeye ana kidole kimoja… hivyo ndivyo alivyokuwa anawaza dakika hii nzima, kumbe, kwamba anachagua kati ya Wendell na Réal, na ukichagua kati ya maiti hakuna unachofanya ila kukaa, unaweza kukaa hapo mpaka Spika azeeke… kisha juu kwenye roshani mtu anakohoa, kikohozi kikavu cha kike, anakijua, cha vumbi la karatasi, Claudette naye alifanya kazi kule kwenye chumba cha kukata, wote walifanya, na Odile anainua kichwa kwa mara ya kwanza, na Claudette hautazami tena ubao, anamtazama yeye, hana hasira, hilo ndilo baya, uso wake ni uleule aliokuwa nao akiwa dirishani siku ile akingoja gari la Réal, uso wa mtu aliyezoea kutoambiwa, na pembeni yake wamekaa wanawake wawili wa Sawtelle ambao waume zao bado wana kazi, kwenye kiwanda cha juu ya mto, kile kinachosemwa sana kwamba nacho kitafungwa, bado wana kazi leo, wako hai, asubuhi wamefunga chakula… hawa si wafu, Odile, hawa wana mabati ya chakula yanayongoja kuoshwa.

Na Wendell alitaka jina lake lisomwe. Limesomwa. Kwa mdomo wangu, kwenye ukumbi wote, angekuwapo angesema hapana, limeandikwa, hapana yake ya mwisho imesikika, na hakuna wa kuifuta hata mimi… hicho ndicho alichoomba, hakuomba muswada wangu ufe, aliuliza umehesabu, alinipa mlango, akaushikilia wazi, usinipe kitu ambacho mji wako unakihitaji, nami nikaufunga kwa uongo kwa sababu nilitaka kuonekana mwema kwa mtu anayekufa, na kile nilichompa hakikuwa changu, nilikiazima kwa watu waliosimama kwenye mvua ya Novemba kunipigia kura, kilikuwa cha Claudette… lakini haya yote ni ya kujitakasa, anajua, hata huyu Darrell angeyapanga vizuri zaidi, asijidanganye, akisimama atakuwa amevunja neno, mbele ya wote, kabla mwili haujapoa, na hilo ndilo litakalosemwa, si muswada, yule mwanamke aliyemgeuka Sprague siku aliyokufa, watalisema kwenye lifti, watalisema kule Dunmore kanisani wakati wa kuzika, na hatakwenda kuzika, ataendaje, hatapeleka pai, hakuna atakayefunga naye kura tena hata akiwa anakata roho, na miaka kumi na sita yote, milango yote aliyogonga, mbwa wote waliomfukuza, usiku wote wa hoteli yenye mazulia ya unyevu, alichojenga kwa miaka hiyo si sheria, sheria zake zinatosha kwenye kiganja, alijenga kitu kimoja tu, kwamba ukiambiwa na Odile Theriault umeambiwa… na sasa anaona, na hakuna faraja ndani yake, anaona tu, kwamba kitu hicho kimekaa mkononi mwake, kizima, na hakuna kingine cha kuwapa watu wa Sawtelle, na jina zuri ambalo huwezi kulitumia lina faida gani, litawekwa kabatini na sahani za harusi.

"Odile." Ni Darrell. "Spika hatangoja milele."

"Atangoja kidogo."

"Utabonyeza au hubonyezi?"

Anamtazama, mtoto wa watu, tai yake imekaa sawa, ana haki ya kuuliza, lakini ameona jambo moja la mwisho, dogo, na ndilo linalouma kuliko yote, kwamba akishagusa kile kitufe hatakuwa tena na haki ya kumlilia Wendell, hata nyumbani peke yake akimenya kiazi, kila chozi litakuwa na aibu ndani, litauliza wewe ni nani wa kumlilia… kwa hiyo kilio kiwe sasa, kiwe kwanza, wakati bado ni rafiki yake, wakati majina yao bado yako pamoja gizani na neno lake bado ni zima, na anainamisha kichwa mbele ya wabunge wote na karani na waandishi wa magazeti na Claudette kule juu, na analia, hafichi, mabega yanakwenda, na ng'ambo ya njia bakuli la peremende limekaa palepale, na Darrell anasimama polepole, anajifuta goti, anamtazama Spika na kutikisa kichwa, ameelewa kwamba yule mama amekataa, hajaelewa kitu, na Spika ameinua nyundo lakini haiteremshi, anauliza tena, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, wabunge wote wameshapiga kura, na Odile, bila kuinua kichwa, anainua mkono mmoja, kiganja wazi, kama mtu anayeomba gari limngoje avae kiatu, nakuja, nakuja, niacheni nimalize.